Mauti Mbele, Tamaa Nyuma: Blanche DuBois na Swali la Uongo

Wahenga walinena kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hii imetumiwa kizazi hadi kizazi kuwaonya vijana dhidi ya pupa na uchu, na aghalabu huchukuliwa kuwa haina haja ya kuulizwa swali. Hata hivyo, methali ni kazi ya fasihi sawa na kazi nyingine yoyote, na hustahili kupimwa upya kila inapotumiwa kumhukumu mtu. Ipo tamthilia moja ya Kimarekani ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuithibitisha methali hii neno kwa neno, ilhali ikichunguzwa kwa makini huwa imeipindua juu chini. Nayo ni A Streetcar Named Desire, yaani tramu iitwayo Tamaa, ya mtunzi Tennessee Williams. Tamthilia hii iliigizwa kwa mara ya kwanza jijini New York tarehe 3 Desemba 1947 na ikampatia mtunzi wake tuzo ya Pulitzer mwaka 1948.

Mhusika wake mkuu ni Blanche DuBois, mwalimu aliyepoteza kazi, nyumba na mume, anayekuja kumwangukia mdogo wake Stella na shemeji yake Stanley Kowalski. Mwanafunzi wa fasihi linganishi akiulizwa kumweleza mhusika huyu, hakawii kutoa orodha: ni mwongo, ni mlevi, ni mzinzi, ni mwenye majivuno. Orodha hiyo haikuzushwa. Kila sifa ina ushahidi wake katika matini. Lakini orodha ya sifa si uhakiki. Ni mazoea yaliyotoka katika karatasi ya mtihani wa shule ya upili, ambako mhusika huwekewa alama kama bidhaa sokoni, na mazoea hayo yakifika chuo kikuu huwa hatari. Makala haya yanashikilia kwamba kumwita Blanche mwongo na kukomea hapo ni kuisoma tamthilia kwa macho ya Stanley, mhusika ambaye mtunzi amemtumia kuonyesha jinsi ukweli unavyoweza kugeuzwa silaha. Yanashikilia pia kwamba uongo mkubwa kuliko wote katika kazi hii hausemwi na Blanche.

Safari ya tramu mbili

Tamthilia ina maonyesho 11, na yote yanatendeka katika nyumba ndogo ya vyumba viwili na mbele yake, katika mtaa wa Elysian Fields mjini New Orleans. Blanche anawasili akiwa amevaa mavazi meupe yasiyolandana hata kidogo na mtaa ule wa makabwela. Amefuata maelekezo aliyopewa: apande tramu iitwayo Desire, yaani Tamaa, kisha abadilishe apande iitwayo Cemeteries, yaani Makaburi, ndipo ashuke Elysian Fields, jina ambalo kwa Wayunani wa kale lilikuwa la makao ya wafu waliobarikiwa. Williams hakulibuni jina la tramu iliyompa anwani. Tramu ya Desire ilihudumu New Orleans hadi mwaka 1948. Alichofanya ni kuona kwamba ratiba ya usafiri wa mji ilikuwa tayari imekuwa ishara. Kwa msomaji wa Kiswahili, ni kana kwamba methali yetu imewekewa reli: tamaa imetangulia, mauti yanafuata.

Hata hivyo, mpangilio wa safari hiyo sio mpangilio wa maisha ya Blanche. Kabla hajakanyaga New Orleans, alikuwa amekwisha kuishi na mauti kwa miaka. Stella aliondoka nyumbani kwao, Belle Reve, jimboni Mississippi, akaenda kujitafutia maisha. Blanche alibaki. Ndiye aliyewauguza waliokuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, ndiye aliyewazika, ndiye aliyejaribu kulinusuru shamba kwa mshahara mdogo wa ualimu hadi likapotea kwa rehani. Nyuma zaidi ya hapo kuna kifo kingine. Akiwa msichana mdogo aliolewa na kijana mtunga mashairi, Allan Grey, akampenda kwa moyo wote. Siku moja alimfumania na mwanamume mwingine. Usiku huo huo, wakiwa dansini, alimwambia kwamba anamtia kinyaa. Kijana alitoka mbio akajipiga risasi. Muziki uliokuwa ukichezwa wakati ule humrudia Blanche masikioni katika tamthilia nzima, na hukoma tu anaposikia mlio wa bunduki ambao hakuna mwingine anayeusikia.

Baada ya hayo ndipo zinapokuja zile habari ambazo Stanley anazikusanya mjini Laurel: hoteli iitwayo Flamingo, wanaume wasiojulikana, na kufukuzwa kazi. Kwa hiyo mpangilio halisi ni mauti mbele, tamaa nyuma. Tamaa ya Blanche haikumpeleka makaburini, ilianzia huko. Ni mwanamke aliyetoka kuzika akatafuta mwili wowote wenye joto ili ajihakikishie kwamba yeye mwenyewe yungali hai.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomfaa mhakiki. Neno tamaa hubeba maana zaidi ya moja. Ni uchu wa mwili, ni ulafi wa mali, na pia ni matumaini. Ndiyo maana mtu asiyekuwa na la kutazamia huambiwa amekata tamaa. Anayemsihi mgonjwa asikate tamaa hamhimizi afanye uasherati, bali anamwomba aendelee kuishi. Katika onyesho la 9, Blanche anapomweleza Mitch, mwanamume aliyekuwa akitarajia kumwoa, yaliyompata baada ya misiba ya Belle Reve, anaiweka tamaa mkabala na mauti, kama mtu anayeikimbia moja kwa kuikumbatia nyingine. Wakati huo huo barabarani anapita mama wa Kimeksiko akiuza maua ya wafu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini mambo haya mawili yamewekwa pamoja, kwani lugha yake imekwisha kuyaunganisha katika neno moja.

Aidha, isisahaulike kwamba tamaa katika tamthilia hii si mali ya Blanche peke yake. Anapomkabidhi Stanley nyaraka za Belle Reve katika onyesho la 2, anaeleza kwamba wanaume wa ukoo wao, tangu mababu hadi kaka, waliuza ardhi kipande kwa kipande ili kugharamia ufuska wao. Shamba lilitafunwa na uchu wa wanaume hadi likabakia nyumba na makaburi. Hakuna hata mmoja wao aliyefukuzwa mjini. Hakuna aliyepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwanamke wa mwisho katika ukoo ndiye aliyeachiwa deni, na ndiye aliyebandikwa jina. Stella naye anaishi kwa tamaa: usiku wa karata Stanley anampiga ilhali ni mja mzito, lakini usiku haujaisha anamrudia kwa sababu mwili wake unamwitikia. Jamii ya tamthilia haioni aibu katika tamaa hiyo kwa kuwa ina cheti cha ndoa.

Taa na kivuli

Tukija katika uongo, ni wazi kwamba Blanche anadanganya. Anakunywa wiski kisiri na kusema hanywi. Anadai amepewa likizo kwa sababu ya mishipa ya fahamu kumsumbua, ilhali amefukuzwa. Anamwambia Mitch kwamba Stella amemzidi umri kidogo, ilhali yeye ndiye mkubwa kwa takriban miaka 5. Hataki kuonekana mchana, na taa ya chumbani anaivisha kifuniko cha karatasi cha mtindo wa Kichina ili mwanga usimfichue uso. Anaoga kwa saa nyingi kana kwamba maji yanaweza kumrudishia miaka iliyopita.

Lakini swali la kuuliza ni umri upi huo unaofichwa. Maelekezo ya mtunzi yanaonyesha kwamba Stella ana umri wa miaka kama 25, na kwamba Blanche amemzidi kwa miaka 5 hivi. Yaani huyu anayetajwa katika vitabu vya uhakiki kuwa mwanamke aliyechakaa ni mtu wa miaka 30. Stanley naye ana umri unaokaribia huo, na hakuna anayemwita mzee. Kabla ya kushangaa kwamba Blanche anaficha umri wake, inafaa kushangaa kwamba kuna soko ambamo mwanamke wa miaka 30 huhesabiwa kuwa ameisha. Uongo wake ni kodi anayotozwa kwenye mlango wa soko hilo. Bila kuilipa haolewi, na bila kuolewa hana pa kulala, kwa maana hana shamba, hana kazi, na nyumba ya shemeji haina nafasi yake.

Isitoshe, tukitenga mambo anayodanganya na yale anayoyasema kweli, tunakuta mpangilio unaostaajabisha. Anadanganya juu ya pombe, umri na mapambo. Juu ya mali hadanganyi. Stanley anapolipekua sanduku lake akidhani kwamba shamba limeuzwa na fedha zikanunuliwa nguo za manyoya na almasi, anachokiona kuwa almasi ni vito vya bandia visivyozidi kioo kwa thamani. Huyo anayejitangaza kuwa bingwa wa kugundua uongo hawezi kutofautisha kioo na almasi. Nyaraka zote za Belle Reve zimo, na zinathibitisha kwamba Blanche alisema kweli. Juu ya kifo cha Allan pia hadanganyi. Mwishoni mwa onyesho la 6 anamsimulia Mitch kisa kizima, pamoja na maneno yake mwenyewe yaliyomuua kijana yule, bila ya kushurutishwa na yeyote. Mtu anayeficha mikunjo ya uso lakini akafichua hatia yake kubwa kuliko zote si mwongo wa kawaida. Anadai mbele ya Mitch kwamba moyoni hakuwahi kumdanganya, na matini yanampa haki ya kulisema hilo.

Mitch hasikii. Katika onyesho la 9 anakirarua kile kifuniko cha karatasi, anawasha taa na kumtazama usoni. Kitendo hicho hufundishwa mara nyingi kuwa ni ushindi wa ukweli. Ni ushindi wa aina gani? Mara baada ya kumwona vizuri, Mitch anamwambia kwamba si msafi wa kutosha kuingizwa katika nyumba moja na mama yake, lakini kabla ya hapo amekuja kumtaka kimwili. Mwanga aliouwasha ulimfichua yeye mwenyewe kuliko ulivyomfichua Blanche.

Mwongo ni nani?

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga. Katika tamthilia hii njia ya Blanche ni fupi kweli: kutoka mwezi Mei hadi majira ya vuli amekwisha kufichuliwa. Mfichuaji ni Stanley, na aliyoyagundua mjini Laurel ni kweli. Lakini tazama namna anavyoutumia ukweli huo. Kwanza anaupeleka kwa Mitch ili kuharibu posa. Kisha anamweleza mkewe siku ya kuzaliwa kwa Blanche, wakati Blanche yumo bafuni akiimba. Halafu anamkabidhi zawadi, na ndani yake mna tiketi ya basi ya kurudi Laurel, mji ambao amekwisha kufukuzwa. Ukweli wa Stanley hauna nia ya kumponya yeyote, wala hausemwi kwa ajili ya haki. Ni rungu.

Katika onyesho la 10, Stella akiwa hospitalini kujifungua, rungu hilo linamshukia Blanche kikamilifu. Stanley anamvua ndoto zake moja moja, simu ya upepo aliyodai kutumiwa na tajiri, safari ya baharini, heshima aliyojitungia, kisha anambaka. Msomaji azingatie mfuatano huo. Kufichua uongo na kubaka vimewekwa katika onyesho moja, na cha kwanza kimekuwa ngazi ya kukifikia cha pili. Stanley anajiona kwamba amepewa ruhusa, kwa kuwa mwanamke aliyegunduliwa kuwa si msafi hana tena kitu cha kuhifadhiwa. Dhana hiyo ndiyo iliyo hatarini katika mjadala huu, kwani haikuachwa jukwaani mwaka 1947. Kila inapoulizwa kwamba mwanamke aliyedhulumiwa alikuwa amevaa nini, alikunywa nini au alilala na nani mwaka uliopita, ni Stanley anayesema.

Blanche anamweleza mdogo wake lililotokea. Kwa mara moja maishani mwake anasema jambo ambalo uhai wake wote unategemea kusadikiwa, nalo ni kweli tupu. Stella anachagua kutolisadiki. Katika onyesho la 11 anamweleza jirani yake Eunice kwamba hangeweza kulikubali simulizi hilo na bado akaishi na Stanley, na Eunice anamshauri asilikubali kamwe, kwa kuwa maisha hayana budi kuendelea. Hapo ndipo uongo mkubwa unapozaliwa. Hausemwi kwa kuficha umri wala kwa taa hafifu. Unatungwa mchana, na watu wenye akili timamu, kwa makubaliano, ili nyumba isivunjike. Daktari na muuguzi wanapokuja kumchukua Blanche, wanaume wako mezani wakicheza karata. Mitch anamrukia Stanley, lakini anaishia kulia mezani. Stella anashika kichanga chake na kububujikwa na machozi, naye Stanley anamfariji kwa mkono uleule. Mchezo wa karata unaendelea.

Basi methali ya pili nayo imepinduliwa. Njia ya mwongo aliye mnyonge ni fupi, lakini ya mwongo mwenye nyumba, mke na mezani pa kukaribisha wenzake ni ndefu, na tamthilia haituonyeshi mwisho wake. Filamu ya mwaka 1951 haikuweza kuustahimili mwisho huo. Kwa shinikizo la wadhibiti wa maadili ya sinema, Stella wa filamu anaapa kutomrudia mumewe, ili hadhira iondoke ikiamini kwamba mkosaji ameadhibiwa. Wadhibiti hao hao walihakikisha kwamba sababu halisi ya kifo cha Allan haitajwi. Ni kinaya kikubwa kwamba kazi inayomhusu mwanamke anayefunika taa ilifunikwa taa na wale waliojiita walinzi wa ukweli na maadili.

Pingamizi na funzo

Wapo watakaosema kwamba utetezi huu umevuka mpaka. Watauliza kuhusu yule mwanafunzi wa miaka 17 aliyesababisha Blanche afukuzwe kazi, na kijana mkusanyaji wa pesa za gazeti ambaye anambusu katika onyesho la 5. Pingamizi hili ni la haki. Mwalimu kujihusisha kimapenzi na mwanafunzi wake ni dhuluma, na huzuni ya mwalimu haiigeuzi kuwa kitu kingine. Vivyo hivyo dharau yake kwa Stanley, anapoitusi asili yake ya Kipolandi na kumlinganisha na mnyama, ni kiburi cha tabaka la wamiliki wa mashamba lililokwisha kuporomoka. Williams hakumwumba malaika. Alimwumba mtu mwenye hatia halisi, kisha akatuuliza kama hatia hiyo inatosha kuhalalisha aliyotendewa. Mhakiki anayemtakasa Blanche anakosea, lakini hukosea kwa kiasi kidogo kuliko yule anayezitumia dhambi zake kumsafisha Stanley.

Swali hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Rosa anakuwa na wanaume wengi baada ya malezi ya ukali usiojua kueleza, na anapofikia kutaka ndoa ya kweli, mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Mchumba huyo na Mitch hawakuwahi kusoma kitabu kimoja, lakini wamezungumza lugha moja: wote wawili waliupima utu wa mwanamke kwa historia ya mwili wake, na wote wawili walijiona waadilifu. Riwaya hiyo iliwahi kuzuiwa kutumiwa shuleni, na bado wapo wanaoifundisha kama hadithi ya onyo kwa wasichana, kana kwamba Zakaria, babake Rosa, na wanaume wote waliompitia hawamo kitabuni.

Kinachohitajika basi ni namna nyingine ya kusoma. Mwanafunzi wa Kiswahili anapokutana na mhusika wa kike aliyeandikiwa tamaa na uongo, asianze na orodha ya sifa. Aanze kwa kuuliza maswali matatu. La kwanza, tamaa hii ilitanguliwa na nini? La pili, uongo huu unamlinda nani, na unamdhuru nani? La tatu, ni nani katika kazi hii anayenufaika ukweli wa huyu mwanamke usiposadikiwa? Maswali haya hayamwondolei mhusika lawama zake. Yanachofanya ni kuzigawa lawama kwa wote wanaozistahili, wakiwemo wale waliokaa mezani wakiendelea na karata zao. Wahadhiri nao wanaweza kuyaingiza katika mitihani badala ya lile agizo la kale la kutaja na kueleza sifa tano za mhusika.

Blanche anatoka jukwaani akiwa ameshika mkono wa daktari asiyemfahamu, kwa sababu mgeni huyo ndiye mtu wa kwanza katika onyesho zima kuzungumza naye kwa adabu. Hakuna jamaa yake aliyemsadiki. Hadhira ndiyo pekee iliyoona lililotendeka katika onyesho la 10, ndiyo shahidi. Hadhira inayotoka ukumbini ikisema kwamba mwongo amepata malipo yake imekula kiapo cha uongo kama Stella, ilhali yenyewe haina hata udhuru wa mtoto mchanga mikononi.